Jina la Stika na Jina la Kuzaliwa: Historia ya Kadi za Michoro katika Linux, Ikitazamwa kutoka Kikorongo

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha katika kadi ile kilikuwa tundu la VGA. Monita yetu ya nyumbani ni ya zamani, inapokea picha kwa waya mmoja tu, ule wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili za pembeni, na nilikuwa nimeshatenga hela ya kigeuzi. Nilipofungua boksi na kuliona lile tundu la buluu nilimwambia mdogo wangu, "Hata hela ya kigeuzi tumeiokoa." Kama ningekuwa nimesoma historia ya kitu nilichokinunua, tundu hilo lingenitia hofu.

Ilikuwa Desemba 2024, nimerudi likizo. Kikorongo, kwa asiyepajua, ni njia panda. Barabara kuu kutoka Mbarara inapita hapo kuelekea mji wa Kasese, na nyingine inachepuka kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, ng'ambo yake ni Kongo. Kuna maduka, malori, boda boda, na pande zote Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kiasi kwamba tembo kuvuka barabara si habari. Mama anauza hapo chumvi ya Katwe. Mdogo wangu alikuwa amepata chumba kimoja na kompyuta moja ya ofisi iliyotumika, ya aina zinazoletwa kutoka Ulaya baada ya makampuni kuzichoka, na nia yake ilikuwa vijana walipie kucheza gemu. Ilikosekana kadi ya michoro tu, yaani ule ubao wa ziada unaochora picha za gemu ili kichwa kikuu cha kompyuta kisilemewe. Nilinunua moja Kampala kwa shilingi 380,000. Mia na hamsini elfu zilikuwa zangu. Zilizobaki zilikuwa za mama, na alizitoa akisema waziwazi kwamba ni mkopo.

Stika juu ya kadi ilisema GeForce GTX 1050 Ti, gigabaiti 4.

Kompyuta yenyewe ilikuwa inatumia Linux, na sababu yake haikuwa itikadi. Ilifika bila leseni ya Windows, flashi za wateja zilikuwa zimejaa virusi, na masasisho yalikuwa yanakula bando usiku tukiwa tumelala. Linux ilikuja kwenye flashi moja, ikawekwa, ikakaa. Basi tuliichomeka kadi. Ilidai waya wa ziada wa umeme wenye pini sita, jambo lililonishangaza kidogo kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba 1050 Ti nyingi hutosheka na umeme wa tundu lenyewe kwenye ubao mkuu, ambao ni wati 75. Fundi akaunganisha waya. Picha ikatoka. Lakini SuperTuxKart, gemu ya bure ya mbio za vigari ambayo haina makuu, ikawa inakwenda kwa kukatakata kama redio yenye betri dhaifu. Nilipakua kiendeshi rasmi cha Nvidia, zaidi ya megabaiti 300 za bando, kikakataa kuitambua kadi. Ndipo usiku wa pili nikaamua kusoma kumbukumbu ambazo kiini cha Linux huandika kila kompyuta inapowaka. Humo mlikuwa na mstari wa kiendeshi kiitwacho nouveau, nao ulisema: NVIDIA GF116.

Sisi Bakonzo jina la mtoto hueleza amezaliwa wa ngapi. Ukisikia Bwambale unajua ni mtoto wa pili wa kiume, ukisikia Masereka unajua kuna wawili mbele yake. Mtu anaweza kujipa jina lolote la mjini, lakini la kwanza halidanganyi. Chipu za Nvidia nazo zina majina mawili. Lipo la dukani, kama GTX 1050 Ti, na lipo la kiwandani, ambalo herufi yake ya pili hutaja ukoo: GF ni ukoo wa Fermi ulioanza 2010, GK ni Kepler wa 2012, GM ni Maxwell, GP ni Pascal wa 2016. Chipu ya 1050 Ti ya kweli huitwa GP107. GF116 ni chipu ya GTX 550 Ti, kadi iliyotoka Machi 2011. Mtu fulani alikuwa ameichukua kadi ya zamani, akabadilisha maandishi ya ndani ambayo kadi huyatumia kujitambulisha, akabandika stika mpya. Nouveau haikujali kujitambulisha huko. Ilisoma namba iliyomo ndani ya chipu yenyewe.

Baada ya hapo kila kitu kilijieleza. Nvidia iliondoa saketi za picha za analogi kuanzia ukoo wa Pascal, kwa hiyo 1050 Ti halisi haina njia ya kutoa VGA moja kwa moja. GTX 550 Ti hula wati 116, ndiyo maana ya waya wa ziada. Mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti anasisitiza uhakiki wa nje wa chanzo: kabla hujauliza hati inasema nini, uliza kama ndiyo hati inayodai kuwa. Nilikuwa nimejibu swali hilo vizuri kwenye mtihani.

Mama aliuliza, "Sasa umenunua nini?" Nikamwambia, "Nimenunua kadi ya mwaka 2011, mama." Akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo insha hii inajaribu kulijibu: "Na ya 2011 haifanyi kazi?"

Jibu fupi ni kwamba inategemea ya nani. Jibu refu linahitaji tarehe.

Linus Torvalds alitangaza Linux mwaka 1991. Miaka miwili baadaye, 1993, Brian Paul alianza Mesa, mkusanyiko wa programu huria zinazochora picha za pande tatu, ambao mpaka leo ndio mgongo wa michoro katika Linux. Shida ilikuwa kwamba chipu ya michoro haiongei na programu bila mkalimani, na mkalimani huyo, yaani kiendeshi, huandikwa na anayejua siri za chipu. (Naandika "kiendeshi" nikijua wengine husema "draiva". Hatuna sababu ya kuona haya: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili Desemba 2004, na waliofanya kazi ile walilazimika kutafuta istilahi nyingi zaidi ya hii.) Makampuni ya chipu hayakupenda kutoa siri hizo. Washindani wangezisoma, na watumiaji wa Linux walikuwa wachache mno kuwatia hofu.

Kampuni ya 3dfx ilifanya tofauti. Ndiyo iliyotamba miaka ya 1990 kwa kadi zake za Voodoo, na Desemba 1999, ikiwa tayari inapoteza soko, ilifungua chanzo cha Glide na maelezo ya kadi zake. Mwaka mmoja baadaye ilikufa na mali zake zikanunuliwa na Nvidia. Lakini kiendeshi cha kadi zake kilibaki ndani ya Mesa hadi kilipoondolewa katika toleo la 8.0 la mwaka 2012. Kampuni ilizikwa, kadi zake zikaendelea kupata picha kwa zaidi ya miaka kumi. Nimeiweka habari hii mwanzoni kwa sababu kila kilichofuata naona ni marudio yake kwa kiwango kikubwa zaidi.

Nvidia yenyewe ilichagua njia nyingine. Mwaka 2000 ilianza kutoa kiendeshi cha Linux kilichofungwa: unakipata bure, unakitumia, huoni ndani. Na lazima tuseme ukweli, kilikuwa kizuri. Kwa takriban miaka kumi na tano mtu aliyetaka gemu kwenye Linux aliambiwa anunue Nvidia, na aliyemwambia hivyo hakukosea. ATI, mpinzani wake, ilikuwa na kiendeshi chake kilichofungwa, fglrx, na sifa yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba watu walikitania. Wenzangu wanaoandika leo kana kwamba AMD ilikuwa rafiki wa Linux tangu zamani wanasoma historia kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Mwaka 2006 AMD iliinunua ATI. Septemba 2007 ilitangaza kwamba itatoa nyaraka za chipu zake na kusaidia kiendeshi huria, ikishirikiana kwanza na wahandisi wa SUSE. Wateja hawakuona tofauti mwaka huo, wala uliofuata. Viendeshi huria vya mwanzo vilikuwa polepole, na mnunuzi aliyepima kwa fremu kwa sekunde aliendelea kununua Nvidia, kwa haki kabisa. Upande wa Nvidia, watu wa kujitolea walikuwa wameanza nouveau mwaka 2005 bila nyaraka: walikuwa wanaiangalia kadi ikifanya kazi na kukisia inaambiwa nini, kama mtu anayejifunza lugha kwa kusikiliza ukutani. Kiliingia katika kiini cha Linux mwaka 2010. Ndicho kilichoniambia GF116. Mwezi Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Torvalds aliulizwa kuhusu Nvidia akajibu kwa kidole cha kati mbele ya kamera. Video hiyo inajulikana kuliko nyaraka za 2007, ambazo nadhani zina uzito zaidi mara nyingi.

Mwaka huohuo wa 2012 ulitupatia jaribio zuri ambalo hakuna aliyelipanga. Februari AMD ilitoa Radeon HD 7750 kwa dola 109. Septemba Nvidia ikatoa GTX 650 kwa dola 109. Ya kwanza, kwa kupiga hesabu ya viini vyake na kasi yake, ina uwezo wa kufanya takriban hesabu bilioni 819 kwa sekunde. Ya pili bilioni 812. Kumbukumbu ya ya kwanza hupitisha gigabaiti 72 kwa sekunde, ya pili 80. Zote zilitoka na gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Umeme: wati 55 dhidi ya 64. Ni kama mapacha. Ukiwa dukani mwaka 2012 na Linux mkononi ungechukua ya Nvidia, kwa sababu kiendeshi chake kilikuwa tayari. Mimi pia ningefanya hivyo.

Kisha soko la gemu likabadilika. Valve, wenye duka la gemu la Steam, walilileta rasmi kwenye Linux Februari 2013, na mwaka 2015 wakajaribu kuuza kompyuta za sebuleni zenye Linux, jaribio lililoshindwa. Februari 2016 ikatoka Vulkan, lugha mpya ya gemu kuzungumzia na chipu, iliyozaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na Mantle, kazi ambayo AMD iliitoa. AMD iliahidi kiendeshi huria cha Vulkan ikachelewa kukitoa mpaka Desemba 2017. Hapo ndipo mbegu ya 2007 ilipoonekana imeota. Watu wawili, David Airlie na Bas Nieuwenhuizen, hawakusubiri. Mwaka 2016 waliandika chao, RADV, ndani ya Mesa. Waliweza kwa sababu nyaraka zilikuwa wazi na sehemu kubwa ya kazi ya chini ilikuwa tayari imeandikwa mahali pa wazi. Kwa chipu za Nvidia za wakati huo hakuna aliyeweza kufanya vile, hata angekuwa hodari kiasi gani: kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, mwaka 2014, kadi zilidai programu za ndani zenye sahihi ya kampuni, na bila hizo nouveau haikuruhusiwa kupandisha kasi ya chipu. Kadi ilibaki inatembea kwa mwendo wa kuwashiwa.

Kipande cha mwisho kilikuja na Philip Rebohle, aliyetaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Aliandika DXVK, programu inayotafsiri lugha ya michoro ya Windows kuwa Vulkan. Agosti 2018 Valve iliifunga pamoja na Wine ikaiita Proton, na ghafla gemu nyingi mno za Windows zikafunguka kwenye Linux bila mtu kuandika neno la amri. Lakini angalia kilichotokea hapo kwa upande wa bei. Kabla ya 2018 swali la mnunuzi lilikuwa "kadi hii ina nguvu kiasi gani?" Baada ya 2018 lilitanguliwa na jingine: "kadi hii inazungumza Vulkan, na Vulkan ya toleo gani?" Asiye na Vulkan hapiti mlangoni, awe na misuli asiwe nayo.

Fermi, ukoo wa kadi yangu ya bandia, haina Vulkan kwenye Linux. Kiendeshi chake rasmi cha mwisho ni cha tawi la 390, na Nvidia ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2022. Ndiyo kusema hata kama ningeamua kusamehe uongo wa stika, kadi ile isingefungua gemu ambazo mdogo wangu alizitaka.

Na wale mapacha? GTX 650 ni Kepler. Tawi la mwisho la kiendeshi chake ni 470, la mwaka 2021, lenye Vulkan 1.2. Novemba 2022 DXVK 2.0 ilitoka ikidai Vulkan 1.3. Tangu siku hiyo GTX 650 imebaki na matoleo ya zamani ya Proton, na viini vipya vya Linux vinazidi kukikataa kiendeshi chake mwaka hadi mwaka. HD 7750, pacha aliyedharauliwa dukani, ilipata Vulkan kupitia RADV miaka mitano baada ya kuzaliwa, ikaongezewa hadi 1.3, na mwishoni mwa 2025 mabadiliko yaliyoandaliwa kwa ajili ya kiini namba 6.19 yakaifanya itumie kiendeshi kipya, amdgpu, bila mwenye kompyuta kuomba. Kazi kubwa ya mabadiliko hayo ilifanywa na Timur Kristóf, anayefanya kazi na Valve. Kadi ya dola 109 ya mwaka 2012 inaendelea kuboreshwa zaidi ya miaka kumi na tatu baada ya kutoka, na anayeiboresha si kampuni iliyoiuza. Sijui kifaa kingine cha dukani ninachoweza kusema hivyo juu yake, labda bunduki.

Hapa Kasese tunao mfano wetu wa kitu kama hicho. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipokuwa ikichenjuliwa, kobalti ilibaki katika mabaki, yakarundikwa hapo mjini miaka mingi kama uchafu. Baadaye, kuanzia 1999, kiwanda cha Kasese Cobalt kilikuja na ujuzi mwingine, wa kutumia bakteria kulegeza madini, kikaanza kuchota kobalti kutoka rundo lilelile. Rundo halikubadilika, ila ujuzi ulibadilika. Mfano huu usipelekwe mbali, maana mto Nyamwamba nao ulibeba sehemu ya mabaki yale, na sumu yake si hadithi.

Sitaki kuonekana nimeajiriwa na AMD. Radeon za kabla ya 2012 nazo hazina Vulkan rasmi, kwa sababu chipu zenyewe hazikuumbwa kwa ajili yake. Na AMD pia imeuza wazee kwa majina ya ujana: R5 230 ya mwaka 2014 ndani yake ni HD 6450 ya 2011, na hiyo haikuhitaji tapeli wa mtaani, ilifanywa ofisini kwa baraka zote. Nvidia nayo mwaka 2018 ilitoa GT 1030 ya pili yenye jina lilelile, ila kumbukumbu yake ya DDR4 hupitisha gigabaiti 16.8 kwa sekunde badala ya 48 za ile ya mwanzo. Anayenunua kwa jina anapata theluthi ya kasi ya kumbukumbu na hana wa kumshtaki. Tofauti kati ya mambo haya na niliyotendewa mimi ni ndogo kuliko ambavyo ningependa.

Wala Nvidia haijasimama palepale. Mei 2022 ilifungua sehemu ya kiendeshi chake inayokaa kwenye kiini, kwa kadi za kuanzia ukoo wa Turing wa 2018, na kiendeshi huria cha Vulkan kiitwacho NVK kinakua ndani ya Mesa. Waandishi wake wameanza hata kuzirudia Kepler. Mwenye hela ya kadi mpya leo anaweza kununua upande wowote na kucheza. Lakini mwenye hela ya kadi mpya si mtu ninayemwandikia. Tangu 2017, na zaidi 2020 na 2021, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizinunua kadi kwa wingi hadi bei zikapaa, na Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022 kadi zilizochoka zikamwagika sokoni. Kwetu hufika zilizobaki baada ya wengine wote kuchagua. Kulinganisha fremu kwa dola, kama wanavyofanya wapimaji wa Ulaya na Marekani, kunachukulia kwamba kadi ni mpya, kiendeshi kipo, na kukipakua si gharama. Katika chumba cha Kikorongo megabaiti 300 ni bando la siku kadhaa, na wati 116 badala ya 55 ni tokeni za Yaka zinazoisha mapema. Kiendeshi kilichomo ndani ya kiini hufika pamoja na flashi. Hakipakuliwi, hakiulizi, na Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, kingefanya kazi kama siku nyingine.

Nilirudi nyumbani Pasaka ya 2025 na flashi yenye Linux mfukoni. Bwera, siku ya soko, nilimkuta fundi anayefungua kompyuta za ofisi na kuuza viungo vyake. Kwenye beseni la plastiki kulikuwa na kadi ndogo ya AMD iliyojaa vumbi, bila stika yoyote. Aliniambia kwa Kiswahili cha upande wa Kongo kwamba ile ni ya zamani sana, ndugu, nisije nikamlaumu. Nikamwomba tuichomeke kwanza, niwashe kwa flashi yangu. Alinitazama kama mtu anayeomba kuonja chumvi kabla ya kununua, lakini akakubali. Mstari ulioandikwa na kiini ulisema VERDE, na namba 683F. Cape Verde ndilo jina la kuzaliwa la chipu ya HD 7750. Nikalipa shilingi 70,000.

Kiini tulichokuwa nacho bado kilikuwa kinaipa kadi hiyo kiendeshi cha zamani kisicho na Vulkan, kwa hiyo ilinibidi kuongeza maneno mawili kwenye amri za kuwashia, moja la kukizuia cha zamani na jingine la kukiruhusu kipya. Hilo lilinichukua jioni nzima, na sidai kwamba ni jambo ambalo kila mwenye kibanda cha gemu atalijua. Monita ilipata picha kwa kichwa kidogo cha kugeuza DVI kuwa VGA, cha bei ya chapati chache, kwa kuwa kadi za umri ule bado zina pini za analogi. Waya wa pini sita tuliuondoa. SuperTuxKart ikakimbia bila kukatika. Gemu moja ya mpira ya mwaka 2017, ya Windows, ikafunguka kwa Proton, na mdogo wangu akapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Zilizotoka karibuni hazifunguki, au zinafunguka na kujifunga. Gigabaiti moja ya kumbukumbu ni ndogo na hakuna kiendeshi kitakachoiongeza. Vijana wanauliza gemu wanazoziona kwenye simu zao na mdogo wangu anawaambia wasubiri. Hulipa shilingi 500 kwa mechi. Mpaka ninapoandika, mama bado anatudai shilingi 90,000, na anazikumbuka bila daftari.

Yule muuzaji wa Kampala nilimrudia. Duka lilikuwa lilelile, kijana mwingine, akaniambia kadi iliyotumika hairudishwi. Nikamwonyesha picha ya ule mstari kwenye simu. Akausoma kwa makini, nadhani kwa nia njema, akaniuliza GF116 ni nini.

Kadi ya bandia iko mezani kwangu bwenini. Nimebandua stika, na chini yake hakukuwa na kitu ila gundi. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: GF116, 2011.